Kipaza Sauti Kitini: Uhakiki wa Istilahi Chache za Sauti na Chumba

Maswali yanayotufikia kutoka kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali aghalabu huhusu istilahi za sheria, utabibu, kilimo na fedha. Istilahi za vyombo vya kusikilizia muziki nyumbani ni nadra kuulizwa. Vyombo hivyo vimehesabiwa kuwa vya starehe, na lugha yake imeachiwa wauzaji na vijana wa mitaani. Hatuwalaumu, kwani kila mtu huita kitu kwa jina alilo nalo. Lakini istilahi mbovu ya starehe humpotezea mtu fedha kama imfanyiavyo istilahi mbovu ya mbolea, na katika makala haya tumekusudia kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyotokea katika nyumba moja kisiwani Mafia.

Tulikuwa Kilindoni kwa shughuli nyingine kabisa. Mwenyeji wetu, mwalimu wa makamo na mpenzi mkubwa wa taarabu ya zamani, alikuwa amehama kutoka nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa makuti, akaingia katika nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa matofali ya saruji, yenye dari ya jipsamu, sakafu ya vigae na madirisha ya kioo. Spika zake mbili, ambazo katika nyumba ya kwanza zilimridhisha kwa miaka mingi, katika nyumba mpya zilitoa sauti kama ya mtu anenaye ndani ya pipa. Aliamini kuwa zimeharibika njiani. Akazivusha bahari hadi Nyamisati, zikapanda gari hadi Dar es Salaam kwa fundi. Fundi akazirudisha akisema ni nzima. Hapo ndipo aliponunua amplifaya mpya pamoja na kile kiitwacho mitaani sabufa, na hali ikazidi kuwa mbaya. Alipotupokea alikuwa na manung'uniko, na mkononi alikuwa na karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili ambayo, kwa maneno yake, alikuwa ameisoma mara tatu na kila mara ameelewa kitu tofauti.

Karatasi hiyo ndiyo tunayoihakiki. Kampuni iliyoitoa hatuitaji, wala mfasiri wake hatumjui. Tena kosa si la mfasiri peke yake. Sehemu kubwa ya kosa ni letu sisi tuliopewa kazi ya istilahi.

Tuanze na neno kuu. Karatasi inatumia "kipaza sauti" kwa spika, na inatumia "kipaza sauti" hilo hilo kwa kile kidude kidogo cha kunasia sauti kilichokuja pamoja na amplifaya kwa ajili ya kupima chumba. Msomaji anaagizwa aweke kipaza sauti mahali anapoketi, kwenye usawa wa masikio, kisha abonyeze kitufe na kutoka chumbani. Mwalimu wetu alitii. Alikipakata kipaza sauti cha kilo kadhaa, yaani spika, akakiweka kitini pake juu ya mito miwili ili kifikie usawa wa masikio, akabonyeza, akatoka. Amplifaya, ambayo haikuwa imechomekwa kinasio chochote, haikupima kitu. Tulicheka naye, lakini kicheko chetu kilikuwa cha aibu, maana msomaji alifuata maandishi kwa uaminifu kuliko maandishi yalivyostahili.

Mkanganyiko huu si mpya. Katika mikutano ya hadhara mtu hushika kipaza sauti mkononi, na juu ya mti kimefungwa kipaza sauti, na wasikilizaji hawapotei kwa sababu macho yanawasaidia. Kwenye karatasi hakuna macho. Neno moja haliwezi kutaja ncha mbili za safari moja: pale sauti inapoingia na kuwa umeme, na pale umeme unapotoka na kuwa sauti. Tunapendekeza, kama wengi wanavyotumia tayari, kwamba cha kuingizia kiitwe maikrofoni, cha katikati kiitwe kikuza sauti au amplifaya, na cha kutolea kiitwe spika.

Tunajua pingamizi litakalotolewa. Litasemwa kwamba Spika ni mkuu wa Bunge, na kwamba neno kipaza sauti ni la Kiswahili ilhali spika ni la kukopa. Pingamizi la kwanza linajibiwa na sarufi yenyewe. Spika ameahirisha kikao, spika imepasuka. Maspika wawili wamekutana. Spika mbili zimenunuliwa. Upatanisho wa ngeli unatenganisha mtu na chombo kabla msomaji hajafika mwisho wa sentensi, na hadi leo hatujakutana na mtu aliyewachanganya. Lugha yenye ngeli ina hazina ambayo lugha nyingine haina, na ni ajabu kuona wataalamu wake wakiisahau wanapokaa kutunga istilahi.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na hapa yafaa turudi nyuma kidogo. Spika ya namna tunayoitumia leo, yenye kikombe cha karatasi kinachosukumwa na waya uliozungushwa karibu na sumaku, ilielezwa nchini Marekani mwaka 1925 na wahandisi Chester Rice na Edward Kellogg. Kabla ya hapo wasikilizaji wengi wa redio walisikiliza kwa kuvaa visikilizio masikioni, mtu mmoja mmoja. Chombo kilichoweza kusema kwa nguvu hata chumba kizima kisikie kilikuwa ajabu, na Waingereza na Wamarekani wakakipa jina la ajabu hiyo: kisemacho kwa sauti kubwa. Sisi tukatafsiri ajabu yao tukapata kipaza sauti. Tafsiri hiyo haikuwa mbaya kwa wakati wake. Hata mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakusanya watu vijijini kuzunguka redio, sharti la kwanza lilikuwa sauti imfikie aliyekaa nyuma. Lakini chumbani, mita tatu kutoka spika, hakuna aliyekaa nyuma. Kupaza si kazi inayotakiwa hapo. Wenye jina lenyewe wameshaliacha neno la ukubwa na sasa husema kisemacho tu. Sisi ndio tuliobaki na upazaji. Na mtu anayenunua kipaza sauti, dukani ataulizia nini isipokuwa kinapaza kiasi gani?

Hilo latuleta kwenye sabufa. Neno hili limekopwa kutoka jina la spika moja mahsusi, ile inayotoa sauti nene za chini kabisa, lakini katika Kiswahili cha mitaani limepanuka hata likawa jina la seti nzima: mtu husema amenunua sabufa akiwa na maana ya amplifaya na spika zake zote. Kupanuka kwa maana si dhambi. Maneno mengi tunayoyaheshimu yamepita njia hiyo. Ubaya wake hapa ni kwamba jina la sehemu limekuwa kipimo cha kitu kizima. Aliyenunua sabufa hutarajia kifua kitikisike, na kisipotikisika huona amepunjwa. Mwalimu wetu aliposikia sauti haimridhishi, lugha aliyokuwa nayo ilimpa dawa moja tu, nayo ni kuongeza kile ambacho tayari kilikuwa kimezidi.

Kwa nini kilikuwa kimezidi? Inatubidi tuingie chumbani na futi ya kupimia, maana istilahi isiyojua kitu inachokitaja ni kelele. Sebule ya mwalimu ina urefu wa mita 4, upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 3. Katika joto la nyuzi 30, sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, wimbi ambalo nusu yake inalingana na umbali wa kuta hizo hukaa likijirudia juu yake lenyewe, na chumba hulisaidia kuliko mawimbi mengine. Kwa sebule hii mawimbi hayo ya kwanza ni ya mitikisiko karibu 44 kwa sekunde kwa urefu, 50 kwa upana, na 58 kwa kimo. Yote matatu yamo katika eneo ambalo sabufa hufanyia kazi. Chumba chenyewe, basi, ni sabufa ya pili, na haizimiki. Juu ya hayo, mwalimu alikuwa ameiweka sabufa pembeni, mahali ambapo kuta mbili na sakafu hukutana, na kila uso mgumu ulio karibu huiongezea sauti nene desibeli kati ya 3 na 6. Waashi wa zamani wa pwani hii, wale waliojenga nyumba za mawe za Kua kisiwani Juani, hawakuwa na sabufa, lakini katika nyumba za namna hiyo upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kwa hiyo kila chumba cha zamani nacho kilikuwa na sauti yake, iliyopimwa na mti.

Nyumba ya makuti ni habari nyingine. Kuta zake hazikufika paani, makuti ni matundu matupu, na sauti nene ilitoka nje kabla haijapata kujirudia. Ndiyo maana spika zile zile zilizofaa kule hazikufaa huku. Spika hazikubadilika.

Sasa turudi kwenye karatasi. Katika aya inayohusu chumba, mfasiri ametumia neno "mwangwi" kwa mambo mawili ambayo lugha aliyoitafsiri inayatenganisha. Mwangwi, kama ajuavyo mtoto yeyote aliyewahi kupiga ukelele kisimani, ni sauti inayorudi peke yake, ikasikika kuwa ya pili baada ya ile ya kwanza. Ili sikio lizitenganishe, yataka pawe na muda wa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kati yake, yaani ukuta uwe umbali wa mita 17 hivi. Hakuna sebule ya Kilindoni yenye urefu huo. Mwalimu alisoma kwamba chumba chenye mwangwi hakifai, akasimama katikati, akapiga makofi, asisikie makofi ya pili, akaandika pembeni mwa karatasi, "hakuna." Kwa mujibu wa Kiswahili fasaha alikuwa sahihi, na karatasi ndiyo iliyokosea. Kilichokuwamo chumbani ni kitu kingine: sauti inayorudi mara mamia kutoka kuta zote, zikifuatana kwa karibu mno hata sikio haliwezi kuzihesabu, likasikia mkia mmoja unaofifia.

Mkia huo tunapendekeza uitwe mvumo, na kwa ukamilifu, mvumo wa chumba. Wenzetu wengine wamependekeza mrindimo. Hatukubaliani nao, kwa kuwa ngoma hurindima yenyewe pale inapopigwa. Mrindimo ni wa chanzo, si wa mahali. Wengine wamesema mvumo nao umechukuliwa na bahari na upepo. Ni kweli, na mkazi wa Mafia, ambaye usiku husikia bahari ikivuma upande wa nje ya matumbawe, ndiye atakayeelewa upesi zaidi tunachokisema: sauti isiyo na mwanzo unaoonekana, inayotoka pande zote. Ila tunakiri kwamba amplifaya mbovu pia huvuma, na kwa hilo mfasiri hana budi kuandika mvumo wa umeme, asiache neno peke yake.

Muda wa mvumo hupimika. Mwanzilishi wa kipimo hicho ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara ambamo neno la mhadhiri liliendelea kusikika kwa zaidi ya sekunde 5. Usiku alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akiipanga na kuipangua, huku akipima muda ambao sauti ya filimbi ya kinanda ilichukua kutoweka. Kanuni aliyoipata ni nyepesi: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zake. Jambo linalotufurahisha sisi ni kizio alichokichagua. Alipotafuta kitu kinachofyonza sauti yote isirudi hata kidogo, alichagua dirisha lililo wazi. Mita moja ya mraba ya dirisha wazi ndiyo moja. Kila kitu kingine ni sehemu yake.

Sebule ya mwalimu ina ujazo wa mita 42 za ujazo, na nyuso zake zote ni mita 73 za mraba. Kwa kukadiria tu, tuseme kila uso mgumu hufyonza asilimia 3. Ikiwa tupu na imefungwa, inafyonza kama dirisha wazi la mita 2.2 za mraba, na mvumo wake ni sekunde 3. Fungua mlango na dirisha moja, tuseme mita 2.8 za mraba, na mvumo unashuka hadi sekunde 1.4. Waketishe watu wanne, unakaribia sekunde 1. Kwa kusikiliza muziki nyumbani, nusu sekunde au pungufu ndiyo inayopendeza. Mwalimu, aliyefunga madirisha ili asiwaudhi majirani, alikuwa akiufungia mvumo ndani pamoja naye. Adabu yake ilimgharimu.

Kuhusu neno lenyewe, ufyonzaji. Jirani wa mwalimu, mzee aliyekuwa fundi wa majahazi, alipotusikia tukibishana barazani alisema kwamba nyumba ya makuti inameza sauti na nyumba ya saruji inaitema. Tulipomwambia kwamba sisi husema kufyonza, aliuliza, "Inafyonza na nini, wanangu?" Hatukuwa na jibu zuri. Dirisha wazi halifyonzi, linaacha kwenda. Kumeza kunakaribia zaidi, kwa kuwa kilichomezwa hakirudi. Hata hivyo tunashikilia ufyonzaji katika maandishi ya kitaalamu, kwa sababu neno hilo limeshazoeleka katika sayansi kwa maji, joto na mwanga, na istilahi moja inayovuka masomo ni bora kuliko nne zinazopendeza. Katika karatasi ya maelezo kwa mnunuzi, lakini, tungeandika kumeza bila kusita. Mfasiri anayeogopa neno la baraza kwa kuwa si la kamusi anamwandikia mfasiri mwenzake.

Neno la mwisho tunalolikemea ni "usikivu". Karatasi inasema spika hizi zina usikivu wa desibeli 86. Spika haisikii, na Kiswahili kimeshampa usikivu mwanafunzi anayetulia darasani. Kinachotajwa ni sauti kiasi gani itatoka, ikipimwa umbali wa mita moja, spika ikipewa wati moja. Tungesema wepesi wa kuitika: spika hii inaitika kwa desibeli 86, ile kwa 92. Jambo si dogo, kwa sababu kila desibeli 3 zinazopungua hudai umeme maradufu. Spika ya 86 inahitaji wati nne pale ile ya 92 inapohitaji moja. Katika nyumba ya makuti au uani, ambako sauti inakwenda isirudi, wepesi wa kuitika ndio wa kutazamwa kwanza, pamoja na ukubwa wa kikombe cha sauti nene. Katika chumba kidogo cha saruji hauna haja kubwa. Huko cha kutazama ni spika ndogo, yenye kasha lililofungwa lisilo na tundu, ambayo sauti zake nene hupungua polepole kuelekea chini pale ambapo chumba huanza kuziongeza, hata vikalipana. Kasha la namna hiyo alilitoa sokoni Edgar Villchur, huko Marekani, mwaka 1954, kwa ajili hasa ya vyumba vya watu. Karatasi yetu inataja tundu mara mbili bila kueleza ni la nini, na mwalimu alidhani ni la kupitishia joto.

Itaulizwa kwa nini asinyamazishe chumba badala ya kubadili spika. Kwa sehemu anaweza, na Mafia ina bahati: kisiwa cha minazi kina usumba. Usumba uliopangwa kwa unene wa sentimita 5, ukatundikwa ukutani na kuachiwa nafasi kidogo nyuma yake, humeza vizuri sauti za kati na nyembamba. Mkeka mwembamba humeza kidogo sana, licha ya sifa zake. Lakini wimbi la mitikisiko 58 lina urefu wa mita 6, na sentimita 5 za usumba kwake si kitu. Sauti nene haina dawa chumbani. Dawa yake ni kutoinunua kupita kiasi.

Limebaki suala la majina ya spika zilizomo ndani ya kasha moja, kubwa na ndogo, ambazo karatasi inaziita "kipaza sauti cha chini" na "kipaza sauti cha juu", na mwalimu akazielewa kuwa za kuwekwa sakafuni na rafuni. Ngoma za pwani zina vumi, yenye sauti nene, na chapuo, ndogo yenye sauti nyembamba. Tunapendekeza spika vumi na spika chapuo, na sabufa ibaki kwa ile ya chini kabisa peke yake. Kuhusu vumi hatuna shaka. Kuhusu chapuo tumegawanyika ofisini, kwa kuwa baadhi yetu wanasema sifa yake ni mwendo wa kuchangamsha zaidi ya wembamba wa sauti, na tungeshukuru kama wasomaji wanaojua ngoma za kwao wangetuandikia kabla neno halijapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.

Mwalimu ameshatuandikia. Maikrofoni ameipata, ilikuwa bado ndani ya boksi. Sabufa amempelekea mdogo wake katika ile nyumba ya makuti, ambako anasema inalia vizuri. Anauliza kama desibeli inatokana na Bell wa simu, na tumemjibu kwamba ndivyo.